Mwenye Kamera Usoni Ndiye Mwenye Wajibu

Kamera ndogo za kuvaliwa zinazotumia akili unde zimeshaingia nchini Kenya, na gazeti hili lina msimamo mmoja kuzihusu: wajibu ni wa anayezivaa, pamoja na taasisi iliyomfungulia mlango. Mama anayesubiri kuitwa katika hospitali ya Ziwa hana kazi ya kuchunguza miwani ya kila apitaye. Mtoto anayekwenda shule kando ya barabara kuu ya Eldoret–Kitale hapaswi kubahatisha ni kioo kipi kina jicho ndani yake. Mkulima aliyepanga foleni nje ya maghala ya nafaka ya Moi's Bridge amekuja kuuza mahindi, hakuja kufanywa sinema. Anayerekodi ndiye pekee anayejua kwamba anarekodi. Basi ndiye wa kuulizwa, na ndiye wa kujibu.

Ukiitazama, hii ni miwani ya jua kama nyingine. Ndani ya fremu mna lenzi, maikrofoni, spika na betri. Mvaaji hugusa kitufe au hutamka neno, na picha imeshachukuliwa. Akitaka, huuliza kilicho mbele yake ni nini. Picha hupitia kwenye simu yake hadi kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo, na jibu hurudi sikioni mwake. Aliye mbele yake haoni simu iliyoinuliwa wala mkono uliosogea. Anaona mtu anayemwangalia.

Kampuni ya Meta na watengenezaji wa Ray-Ban, EssilorLuxottica, walianza kuuza miwani ya aina hii mwaka 2021, na toleo la 2023 likatiwa akili unde. Kufikia mwanzo wa 2025 jozi milioni 2 za toleo hilo zilikuwa zimeuzwa, na watengenezaji wakatangaza kwamba wanajiandaa kuweza kuunda jozi milioni 10 kwa mwaka ifikapo mwisho wa 2026. Kifaa kinachotengenezwa kwa wingi huo hakibaki California. Kitafika hapa kwetu Soy kwenye mkoba wa mgeni, kwenye zawadi ya ndugu aliye ughaibuni, na hatimaye kwenye vibanda vya simu mjini Eldoret.

Kwa kaunti hii ya Uasin Gishu kitafika mapema kuliko kwingine, kwa sababu ya riadha. Mwaka 2025 Meta ilishirikiana na chapa ya Oakley kutoa miwani ya wanamichezo. Mojawapo, iliyotangazwa Septemba mwaka huo, ina kamera katikati, juu ya pua, na huoanishwa na saa ya Garmin ili video na mwendo wa mkimbiaji viende pamoja. Hebu tujiulize ni wapi duniani mkimbiaji mwenye fedha angependa kuijaribu miwani kama hiyo. Ni hapa, kwenye barabara za udongo mwekundu za Uasin Gishu, ambako wageni kutoka Ulaya na Marekani huja kufanya mazoezi na ambako watoto wa shule huwakimbilia ubavuni wakicheka, mabegi mgongoni. Watoto hao ndio watakaojaa kwenye video. Wazazi wao wako shambani na hawataulizwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Ukarimu huo haujawahi kujumuisha nyuso za watoto wa mwenyeji. Wala tusiwasingizie wageni peke yao: vijana wetu wenye kiu ya watazamaji mtandaoni wamekwisha kuonyesha, kwa simu za kawaida, jinsi mlevi aliyelala mtaroni au mjane aliyeangua kilio matangani anavyogeuzwa kichekesho cha kaunti nzima. Wakipewa kamera isiyoonekana, aibu ile ndogo iliyokuwa ikiwazuia kuinua simu nayo itaondoka.

Tunajua jibu litakalotolewa. Macho hayana pazia, watasema. Aliye barabarani huonekana, na kuonekana si dhuluma. Hoja hii haisimami. Jicho la jirani huona na kusahau, na linachokikumbuka hubaki na mwenyewe, naye anajulikana kwao na anaweza kuitwa mbele ya wazee ajibu. Kamera huona mara moja na kuhifadhi miaka. Hupeleka kilichoonwa kwa watu ambao aliyeonwa hatawajua kamwe, na hukiweka mahali ambapo kitatafutwa kwa kusudi ambalo siku ile halikuwako. Aliyekubali kuonekana sokoni Ziwa alikubali kuonwa na waliokuwa sokoni Ziwa.

Watengenezaji nao husema wameweka taa ndogo kwenye fremu, inayowaka kamera inapofanya kazi. Taa hiyo ni ahadi dhaifu. Kwenye jua la saa sita la nyanda hizi nani ataiona? Na ataielewaje asiyewahi kuambiwa maana yake? Tena mwaka 2025 wanahabari wa 404 Media waliripoti kwamba Marekani yuko fundi anayelipwa takriban dola 60 kuizima. Mpango wowote wa ulinzi unaomtegemea anayerekodiwa aione taa umemtwika mzigo asiyestahili.

Lipo jambo zito zaidi ya picha. Oktoba 2024 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, AnhPhu Nguyen na Caine Ardayfio, walionyesha kwamba miwani ya Meta ikiunganishwa na mtambo wa kutafuta nyuso mtandaoni na kumbukumbu za umma, mvaaji anaweza kumtazama mtu asiyemjua kwenye treni na muda mfupi baadaye akapata jina lake na hata anwani ya kwao. Wenyewe walikataa kuutoa mpango huo, walitaka kuonya. Onyo hilo lilitolewa Marekani, lakini linatuhusu sisi wa Soy kuliko wengi, na sababu yake tunaijua hata tusipopenda kuitaja.

Eneobunge hili ni la watu wa makabila mengi. Moi's Bridge, Ziwa na Soy yenyewe zimekaliwa na wakulima na wafanyabiashara waliotoka pande mbalimbali za nchi. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kujinusuru, wanawake na watoto wakiwamo. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini katika ghasia zile za baada ya uchaguzi wa 2007. Barabarani paliwekwa vizuizi, na wasafiri wakaitishwa vitambulisho. Jina lililosomwa kwenye kitambulisho ndilo lililoamua nani apite na nani ashushwe garini. Baadhi waliokoka kwa sababu kitambulisho hakikupatikana, au walitaja jina lisilokuwa lao, au dereva aliwaombea. Uso hauachwi nyumbani. Kijana mwenye miwani inayotaja majina hatahitaji kumwitisha mtu kitambulisho.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Hatusemi kwamba yaliyopita yatarudi. Kaunti hii imefanya kazi kubwa ya kupatana na haistahili kutabiriwa mabaya. Tunasema kwamba taasisi yenye busara haiachi kibiriti karibu na ghala kwa kuwa tu mwaka huu hakuna upepo. Kanuni za matumizi ya vifaa hivi kwenye mikutano ya kisiasa, vituo vya kupigia kura na vizuizi vya barabarani zitungwe wakati wa utulivu, na wenye kuzitunga ni Tume ya Uchaguzi na polisi.

Wapo pia wanawake wanaojificha. Jina la Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyefariki katika hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret Septemba 5, 2024, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, halijasahaulika. Wala la Agnes Tirop, aliyeuawa Iten Oktoba 2021. Hakuna kamera ya kuvaliwa iliyohusika katika vifo hivyo. Vilitufundisha, hata hivyo, kwamba kwa mwanamke anayewindwa, kujulikana mahali alipo ni suala la uhai. Video ya mazoezi yenye tarehe, njia na nyuso, ikiwekwa hadharani kila asubuhi, inamfichua hata kama aliyeivaa kamera hakuwa na nia mbaya.

Tena mvaaji mwenyewe hajui macho yanayomfuata. Mwanzoni mwa 2026 magazeti mawili ya Uswidi, Svenska Dagbladet na Göteborgs-Posten, yaliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi walikuwa wakitazama na kuwekea alama video zilizonaswa na miwani ya Meta ili mashine ijifunze, na kwamba miongoni mwake walikutana na watu wakiwa chooni na vitandani. Kwa hiyo siri ya chumba cha kulala Ulaya ilikuwa ikitazamwa na kijana wa Kikenya aliyelipwa kuitazama. Habari hiyo ina masomo mawili. Anayeahidi kwamba "video itabaki kwangu" anaahidi asichokimiliki. Na Kenya haipo pembeni mwa biashara hii: mikono yetu imo ndani, hivyo serikali yetu ina haki na wajibu wa kuuliza maswali.

Kinga ya kisheria tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na msingi halali, amweleze anachokusanya na kwa nini, na asizitumie kwa jambo jingine. Kuhusu watoto, kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi. Na Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, ameonyesha kwamba sheria hiyo inauma. Septemba 2023 afisi yake iliitoza shule ya Roma ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kilabu cha Casa Vera cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuja kustarehe. Ikiwa picha za kawaida ziliigharimu shule fedha hizo, mwalimu mkuu wa Soy atakayeruhusu mfadhili aingie bwenini na kamera usoni asidai kwamba hakuonywa.

Sheria hiyo ina mwanya, nao utatumiwa. Inasamehe matumizi ya binafsi kabisa au ya nyumbani. Kila mvaaji atajificha humo: "najirekodia tu." Gazeti hili halikubali kwamba video iliyorushwa kwa umma, au inayomlipa aliyeirusha, au iliyotumwa kwa akili unde ya kampuni ya ng'ambo ili itambue aliyemo, ni jambo la nyumbani. Kamishna atoe mwongozo wa wazi kuhusu kamera za kuvaliwa, kwa Kiswahili, na usomwe kwenye mabaraza ya machifu, kwa sababu sheria isiyomfikia mkulima haimlindi.

Idhini nayo si neno la kupenyezwa haraka. Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni kupigwa picha za mboni na mradi wa Worldcoin, wakiahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha Agosti 2 mwaka huo, na Mei 5, 2025, Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za miili zifutwe. Idhini ya mwenye njaa, iliyonunuliwa bila maelezo, haikuhesabiwa kuwa idhini. Mkimbiaji chipukizi anayetafuta wakala, au mama anayepewa unga na mradi fulani, yuko katika hali hiyohiyo. Anayemwomba ruhusa ya kumrekodi huku ameshika anachokihitaji hajaomba. Amelazimisha kwa upole.

Tusidanganywe kwamba faragha ni kitu tulicholetewa. Jamii za hapa zinajua vyema kwamba yapo yanayoonwa na wachache na kuishia kwao. Desemba, vijana wanapotengwa baada ya tohara, wanaoingia walipo ni waliokubaliwa, na yaliyosemwa humo hayatoki. Hakuna mzee anayehitaji kifungu cha sheria ili ajue jambo hilo. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba miwani ya mjomba aliyerudi kutoka Marekani inaweza kuyatoa yote nje bila mjomba kusema neno. Akijua, atafanya kazi yake.

Hatuvilaani vifaa hivi. Kwa asiyeona, miwani inayomsomea maandishi kwenye chupa ya dawa au kumwambia matatu iliyosimama inaelekea wapi ni msaada wa kweli. Tangu 2024 huduma ya Be My Eyes imeunganishwa na miwani hiyo ili mtu asiyeona apate mwenye kuona wa kumwelekeza. Haki yake tunaitetea kwa nguvu ileile. Wala hatusemi kwamba raia asirekodi hongo inayodaiwa kwenye kizuizi cha barabarani. Kumrekodi mtumishi wa umma akitenda kazi ya umma hadharani ni kulinda umma. Tofauti iko wazi kwa anayetaka kuiona: mwenye nguvu anayewajibika kwetu hana haki ya giza, na mnyonge asiyetudai kitu hana deni la kuonekana.

Upande wa dola, kamera peke yake haitoshi. Albert Ojwang, mwalimu aliyekamatwa Homa Bay, alifia mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi Juni 2025. Kituo hicho kilikuwa na kamera. IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, iliwaambia maseneta kwamba mitambo hiyo ilikuwa imechezewa. Tangu hapo hatuwezi kuridhika tukiambiwa kwamba polisi watavalishwa kamera vifuani na mambo yatanyooka. Tutauliza rekodi inahifadhiwa na nani, inakaa siku ngapi, anayelalamika ataipataje, na anayeifuta atafungwa miaka mingapi. Kamera ambayo kumbukumbu yake imo mikononi mwa mtuhumiwa ni ushahidi wa mtuhumiwa.

Kwa hiyo tunataka haya yafanywe.

Walimu wakuu wa shule zote za Soy waandike katika kanuni za shule kwamba kamera za kuvaliwa haziingii bwenini, bafuni wala darasani, ziwe za mwanafunzi, mwalimu, mfadhili au mwanasiasa. Ruhusa yoyote ya kurekodi iwe kwa maandishi, ya mzazi, na kwa kusudi moja lililotajwa.

Hospitali na zahanati, kuanzia Ziwa, ziweke tangazo mlangoni na ziwafunge wahudumu wake, wanafunzi wa udaktari na wageni kwa kanuni moja. Ugonjwa wa mtu ni katika mambo ambayo sheria imeyapa ulinzi wa ziada, na muuguzi aliyevaa kamera yake binafsi wodini amevunja kiapo kabla hajabonyeza kitufe.

Kambi za mazoezi na mawakala wa wanariadha waweke sharti hili kwenye mkataba wa kila mgeni: usirekodi watoto unaokutana nao barabarani, usirushe njia na saa za mazoezi ya mwenzako, na ukiambiwa ufute, ufute mbele ya aliyekuambia.

Afisa wa polisi asivae kamera yake binafsi kazini. Huduma ya Polisi ikimpa kamera rasmi, taratibu za uhifadhi zitangazwe kabla ya kamera ya kwanza kuwashwa.

Bunge la Kaunti ya Uasin Gishu lijadili matumizi ya vifaa hivi katika masoko, vituo vya matatu na majengo ya kaunti, na liwasikilize wachuuzi kabla ya kuwasikiliza wauzaji wa mitambo.

Na kwa wewe uliyenunua au utakayenunua: ukiingia kwa mtu, ivue au useme kwamba umeivaa. Ukiambiwa hapana, usidai maelezo. Usiiulize mashine jina la mtu ambaye ungeweza kumsalimu na kumuuliza mwenyewe. Usirushe uso wa mtoto asiye wako. Ukikosea, futa, nenda ukaombe radhi, na kama picha ilikuwa imekwisha kuchapishwa, kumbuka kwamba aliyeumia ana haki ya kukushtaki kwa Kamishna wa Data, nasi tutamwonyesha njia.

Gazeti hili litaandikia kila taasisi iliyotajwa hapa kuuliza imefanya nini, na litachapisha jibu pamoja na jina la aliyelitia sahihi. Taasisi itakayonyamaza, kunyamaza kwake nako kutachapishwa.